Siku Meneja Alipobweka

Hivi wewe ungemfanya nini mbwa mwenye kimo cha ndama asiyejua kubweka?

Swali hilo Shemeji alilinywa kila asubuhi pamoja na kahawa yake mwenyewe. Aliiuza kwenye benchi lililoegemea ukuta wa karakana ya mumewe, fundi wa kuchomelea, ambaye wote walimwita Cheche. Shemeji ndiye aliyemlea mbwa huyo, Meneja, tangu alipokuwa anaenea kwenye beseni. Chakula alimgawia kidogo kidogo, tumbo lisije likajaa upepo, alimfuta udenda, alimshonea godoro la magunia asichubuke viwiko. Mbwa akakua, akaukaribia mlango kwa urefu, lakini sauti haikuja. Wezi walipokuja kubeba nyaya, aliwaegemea kwa mapenzi. Ndipo Cheche akaapa mbele ya benchi zima: Meneja asipobweka kufikia Jumamosi, anachukuliwa na mfugaji wa ng'ombe. Na Cheche hakuwa mtu wa kumeza maneno yake, yangemkwama kooni.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na alfajiri mtaa mzima ulikuwa umesikia.

— Shemeji, amebweka! Wembe, kinyozi wa jirani, alishindwa kukaa. Kidogo nijinyoe sikio!

— Si kidogo! Breki, dereva mstaafu, akadakia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyo ameona chui.

— Chui afuate nini hapa, kunyolewa?

— Basi tetemeko la ardhi linakuja. Mbwa mzito vile husikia ardhi ikijinyoosha. Hata lori langu lilikuwa hivyo hivyo.

— Lori lako lilikuwa bovu, Breki. Mbwa amebalehe. Hukusikia sauti ilivyokwaruza? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: kalelewa na muuza kahawa, ataachaje kuamka mapema?

Shemeji alicheka mpaka kanga ikamponyoka begani. Wiki nzima hakupata usingizi. Akawajazia wote vikombe, bure.

— Na wewe baba, mbona kimya? akamuuliza mumewe.

— Moshi wa kuchomelea, Cheche akajibu kwa sauti iliyokwaruza kama tupa. Umenikaba koo.

Shemeji akamtazama. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Alikuwa anachomelea nini?

Kabla hajauliza, pikapu ikasimama. Mfugaji akashuka na mnyororo mkononi.

— Umechelewa, mzee! Breki akapaza sauti. Amebweka! Rudi kwa ng'ombe zako!

— Amebweka? Vizuri. Nani alimwona?

— Tulimsikia wote!

— Kusikia nimesikia. Nauliza aliyeuona mdomo wake ukifunguka.

Wembe akamwangalia Breki. Breki akaangalia kikombe. Ghafla kila mmoja alikuwa na jambo la kuchunguza kwenye kahawa.

— Kuona si kuamini! Wembe akajaribu.

— Ni kinyume chake, bwana.

Breki akakimbilia pikapu, akapiga honi kwa nguvu zake zote. Meneja, aliyejilaza akiziba mlango wote wa karakana, akapiga mwayo, akageukia upande wa pili.

— Basi neno ni neno, mfugaji akasema, akamfunga mnyororo shingoni.

Meneja akainuka, akamwekea mgeni kichwa kifuani, mkia ukafagia vikombe viwili chini. Shemeji akamkumbatia mbwa wake kiunoni, miguu akaikaza.

— Baba, sema kitu!

— Mfungue, Cheche akasema.

— Na kiapo chako je, fundi? Ulikula mbele ya wanaume wenzako.

Cheche akatazama benchi, masikio yamemwiva. Akatazama mikono ya mkewe ilivyozama kwenye manyoya.

— Mfungue, nimesema. Mbwa hajabweka. Niliinama nyuma ya mapipa, nikabweka mimi.