Truphena Ayuma na Basi la Saa Mbili

Asubuhi njema, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Truphena Ayuma, binti wa Mama Risper wa Chavakali. Truphena alifariki Saudi Arabia akiwa safarini kurudi nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

Kwa miaka minne alimtunza bibi kizee mmoja mtaa wa Shumaisi, Riyadh. Bibi huyo alikuwa amepooza upande mmoja. Alikubali chakula kutoka mkono wa Truphena tu.

Mwezi wa tatu mkataba ukaisha. Truphena na rafiki yake Rosebellah, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, walikatiwa tiketi za ndege kutokea Jeddah. Huko wangefika kwa basi. Basi la saa mbili asubuhi, wasikilizaji. Saa mbili.

Asubuhi hiyo bibi aligoma kula. Rosebellah anasimulia: "Nilimwambia, 'Yalla, Trufe, tutaachwa!' Akanijibu, 'Wewe tangulia, ushike viti. Siwezi kumwacha na njaa siku ya mwisho.'"

Truphena alifika kituoni mbio. Basi lilikuwa limeanza kuondoka. Aliligonga ubavuni kwa kiganja. Ndani, Rosebellah alimsihi dereva asimame.

"Mafi wakti," dereva akasema. Hakuna muda.

Kupitia dirishani, Rosebellah alimwona mwenzake ameinama, mikono magotini, akihema huku akicheka. Punde simu ikaita. "Usijali, nimepata gari. Ilikuwa imebaki nafasi moja."

Nafasi moja, wasikilizaji. Gari hilo lilipinduka kabla ya kufika Taif. Abiria wengine walijeruhiwa. Aliyefariki ni Truphena peke yake.

Rosebellah hakujua. Alifika Jeddah, akamsubiri mtaa wa Sharafiya, akipiga simu isiyopokelewa. Siku ya pili ikapokelewa na mwanamume asiyemfahamu. "Sister, halas," akasema. Dada, imekwisha. Hakuwa na Kiingereza cha kuongeza.

Mkenya mmoja pale mtaani akaongea naye Kiarabu, ndipo Rosebellah akaelezwa ajali ya Taif. Alitaka kurudi huko akamwone. Lakini viza yake ya kuondoka ilikuwa inaisha siku hiyohiyo. Angebaki, angekamatwa.

"Nilipanda ndege nikamwacha," aliniambia. "Ningefanya nini? Niambie, ningefanya nini?"

Jana nilikwenda kwa Mama Risper. Onesmus, kaka wa marehemu, hakuweza kutulia. "Yule bibi angekula mapema. Ama dereva angengoja dakika moja. Ama hiyo gari ingekuwa imejaa. Kitu kimoja tu, na Trufe angekuwa hapa."

"Onesmus, wacha," mama yake akasema. "Ukimaliza kuhesabu, atarudi?" Kisha akanigeukia. "Mimi nauliza hivi tu. Pale barabarani, kuna mtu alimshika mkono?"

Rosebellah, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliinuka akatoka nje.

Mwili uliwasili Jumanne, wiki saba baada ya ajali. Mazishi ni Jumamosi, saa sita mchana, nyumbani Chavakali. Narudia: Jumamosi, saa sita mchana, Chavakali.

Mama Risper, Onesmus, Rosebellah na jamaa wote, poleni sana. Mungu awape nguvu ambazo sisi hatuna za kuwapa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama mna mtu wenu ng'ambo, mpigieni leo. Mkikosa la kusema, muulizeni tu amekula nini.