Mwiko Niliomrushia Luhaga

Ndugu mgeni rasmi, ndugu mwalimu mkuu, ndugu wajumbe wa kamati ya shule, wazazi wetu, ambao nawaamkia shikamooni, wanafunzi wenzangu, nawe Mama Odeta uliyeko jikoni ukitupikia pilau ya leo:

Mimi ni Clavery, wa kidato cha nne. Nimechaguliwa kusoma shukrani kwa sababu Kiingereza na Kiswahili changu ni safi, si kwa sababu nina ulimi. Karatasi niliyopewa nimeikunja, iko mfukoni.

Katika safu yetu kuna kiti kitupu. Ni cha Luhaga, aliyefukuzwa Agosti. Barua ilisema ana kasumba ya sinema, anajifanya steringi, shujaa wa filamu. Ni kweli! Alijifunga kitambaa chekundu shingoni hata akienda kupalilia pamba, na penye mlango yeye alipita dirishani. Lakini usteringi ule alifundishwa na nani?

Na mimi. Jumamosi mchana tulikwenda sinema mjini, nikawa namtafsiria.

"Clavery, anasemaje huyo mwenye upanga?"

Kiingereza kile kilinipita mbio. Nikaona haya kukiri, nikatunga. "Anasema hampigi asiye na silaha."

"Na sasa?"

"Anasema steringi hamtaji mwenzake."

Mimi nilitunga tu, ndugu zangu. Luhaga akayaishi maneno hayo.

Siku moja, Agosti hiyo, bwana stoo alimsimamisha Mama Odeta mbele ya bwalo zima, akamwita mwizi wa chakula, akamwaga kikapu chake sakafuni. Kilitoka nini? Ukoko wa ugali, wa kulishia kuku wake. Tulikuwa mia tatu, na asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumeimba utu na usawa mstarini. Nani alifungua mdomo? Luhaga aliruka juu ya meza: "Bwana, mwokotee mama vitu vyake, au shika silaha!" Bwana stoo akanyakua fimbo. Luhaga alikuwa mikono mitupu. Mimi, niliyekuwa karibu na sufuria, nikamrushia mwiko.

Fimbo ilidondoka, maharage yakamwagika. Luhaga akamwinamia adui yake kwa heshima, kisha akapiga magoti kuokota ukoko.

Kamati ikamwuliza, "Nani alikupa mwiko?"

"Steringi hamtaji mwenzake."

Mkacheka. Nami niliitwa shahidi, nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nikatazama viatu vyangu.

Mlimfukuza kwa maneno yangu! Bwana stoo ameketi mstari wa mbele, ana ua kifuani. Mama Odeta hajaombwa radhi mpaka leo. Huko ndiko kujitegemea tunakofundishwa, kwamba kila anayeonewa ajitegemee?

Luhaga sasa anabeba samaki sokoni Mwaloni, Kirumba. Juzi nilimwambia nitasema. Akacheka: "Wewe? Utazimia!"

Bado sijazimia. Mtihani ni baada ya wiki tatu. Mrudisheni akae kwenye kiti chake. Na kama mwiko ule lazima umfukuze mtu, mkono uliourusha ni huu, nimeuinua, utazameni.

Asanteni nyote mlionisikiliza. Nawe Mama Odeta, unisamehe.