Gari la Mbao la Fundi Mwishehe Saburi

Mashehe wetu, wazee, akina mama mlioko uani, na nyote mliofika hapa Masaki leo Ijumaa, tarehe 15 Machi 1985, assalaam aleikum. Mimi ni Salumu, mpwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba wetu kabla hatujamtoa, na nimeambiwa nisifiche kitu.

Marehemu Mwishehe Saburi Mashaka alizaliwa hapa hapa Masaki, wilaya ya Kisarawe, tarehe 3 Juni 1927, mtoto wa pili wa Mzee Saburi na Bi Mwanakheri, wakulima wa mihogo na mikorosho. Alisoma chuoni kwa Maalimu Adamu, akahitimu msahafu mwaka 1938, akaingia shule Kisarawe hadi darasa la nne, mwaka 1942, ndipo baba yake akamtoa akafukuze nguruwe shambani. Mwaka 1945 alikwenda Kibaha kwenye shamba la mkonge, akajifunza useremala na utengenezaji wa magari ya kukokotwa, akawa fundi hasa, si wa kubahatisha, mpaka shamba lilipofungwa mwaka 1965.

Tarehe 12 Agosti 1951 alimwoa Bi Mwanaamina, wakajaliwa Swaumu mwaka 1953, Isihaka mwaka 1956, na wa tatu ambaye hata jina hakulipata, kwa sababu Machi 1963, uhuru wetu ukiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, Bi Mwanaamina alishikwa na uchungu, akabebwa begani juu ya kitanda kupelekwa hospitali, kamba ikakatika mteremkoni, mama akapona, mtoto akaenda.

Basi shamba lilipofungwa, marehemu aliomba aachiwe gari moja bovu la ng'ombe, la zamani sana, mchwa wamelila, magurudumu mawili yameoza, akalifungua, akalileta vipande vipande juu ya lori la korosho. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu, ati Masaki ng'ombe hakuna hata wa dawa, mbung'o wamewamaliza, sasa hilo gari atalivuta na mkewe? Yeye akashika randa. Miaka minne, kila baada ya alasiri, alichonga njiti za magurudumu kwa mti mgumu wa mkongo, akabadilisha sakafu yote kwa mninga, akafupisha mti wa mbele ili livutwe na wanaume wanne, na pete ya chuma ya gurudumu aliipasha kwa moto wa vifuu mpaka ikawa nyekundu, akaivisha, akaimwagia maji, ikaubana ubao usiteteme tena. Tarehe 7 Julai 1969 gari likatoka uani, na hadi mwaka 1974 lilipeleka wazazi kumi na mmoja wenye uchungu hospitali, wote wakarudi na watoto wao, na baadhi ya watoto hao wamekaa hapa leo.

Novemba 1974 tulihamishiwa kijiji kipya cha Kilembeni, humu humu Masaki, marehemu akaulizwa kama gari ni la mtu mmoja au la ujamaa, naye, masikini, akalitoa kwa moyo mkunjufu, ngoma ikapigwa, akashangiliwa. Vijana walipoanza kulibebea mkaa wao, ni yeye, si mwingine, aliyesimama mkutanoni akapendekeza lifungwe mnyororo na kufuli, asilichukue mtu bila kibali chenye muhuri wa katibu. Mkutano ukapitisha. Heri angekuwa bubu siku ile.

Tarehe 22 Mei 1976, alfajiri, Swaumu alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, na katibu wetu, Mzee Mwinjuma, alikuwa semina Kibaha, ufunguo mfukoni. Marehemu alikwenda ofisini na shoka lake, Bi Mwanaamina akimlilia avunje, avunje, mnyororo gani huo wa kumshinda mtoto, naye akajibu kwamba kanuni hiyo aliiomba mwenyewe, akiivunja yeye nani ataifuata, na kwamba katibu atarudi kwa basi la saa nne. Basi lilikuja saa nane, na katibu hakuwamo. Ndipo wakatafuta kitanda. Swaumu alifia njiani, mtoto tumboni, hospitali haijaonekana. Kesho yake katibu akaja na gari limefutwa vumbi, kibali kimegongwa muhuri, ati libebe maiti. Tulikataa, tukambeba begani.

Marehemu hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi, maana tulijua anamlaumu nani. Mwaka 1981 alilikuta gari limetupwa nyuma ya ghala la kijiji, limenyeshewa, halina mwenyewe, akalivuta nyumbani akaanza upya, na safari hii hakuna aliyecheka. Alilimaliza Desemba 1984, akaing'oa pete ya kufuli, tundu lake akaliziba kwa kigingi cha mkongo, akakipiga randa kisionekane.

Kifua kilimwanza Januari mwaka huu, tarehe 20 Februari akapelekwa hospitali kwa lori la mihogo, kwa kuwa gari lake alikataa katakata kulipanda, na jana, Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliotoka Kibaha na Mlandizi. Vijana, asubuhi mmelitoa gari mkalisafisha ili mumpeleke makaburini kwa heshima, ahsanteni, lakini lirudisheni. Ameusia abebwe begani, kama alivyobebwa Swaumu, na mbele washike Isihaka na Mzee Mwinjuma, kama Mzee Mwinjuma ataridhia. Gari litakaa nje ya ua, bila mnyororo, mwenye mzazi aje alichukue saa yoyote, na asipoteze muda kupiga hodi.

Mjomba, msamaha uliowagawia watu wote ukajinyima wewe mwenyewe kwa miaka tisa, Mwenyezi Mungu akupe Yeye. Pumzika kwa amani.