Mama Breki: Maisha ya Dada Yetu Aliyewafundisha Vijana Baiskeli

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake wa mwisho. Nimeombwa niyaeleze maisha ya marehemu kwa ufupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusema lolote kwa ufupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Baiskeli alijifunzia ile kubwa ya baba, mguu ukipita chini ya bomba maana kiti hakukifikia. Akikatazwa asubuhi, jioni yuko juu yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, akafundisha hisabati hadi alipostaafu mwaka 2017. Lakini kazi iliyotutoa jasho sote ilikuwa ya Jumamosi. Mwaka 1981 mwanafunzi wake aligongwa kwenye makutano ya barabara karibu na soko. Mtoto alikata kona kwa baiskeli bila kutazama nyuma. Alipona, ila nyonga haikurudi sawa. "Baiskeli tunawagawia kama pipi," marehemu alifoka, "halafu tunashangaa!"

Basi kila Jumamosi akawa anavivamia vikundi vya vijana, nao wakambandika jina la Mama Breki. Aliwafundisha kukagua breki na upepo, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, kutazama nyuma bila kuyumba. Aliyekuja bila kofia ngumu aliwafuata wenzake kwa miguu, mbio. Sebule ikanuka grisi, na ukikaa kwenye kochi lake unainuka na mnyororo.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme. Njiani kwenda harusini alisimamisha gari, akashuka na shela lake kumgombeza kijana aliyempakia mwenzake kwenye usukani. Wazee walishika vichwa. Shemeji akasema, "Mwacheni. Akimaliza, tutaoana." Walijaliwa watoto wawili.

Kwa miaka mingi aliomba matuta na kivuko pale makutanoni. Ofisi ya barabara ilimpiga danadana: mhandisi hayupo, mhandisi yuko kikaoni, njoo kesho. Siku moja mwaka 2009, saa ya watu kutoka kazini, aliwapeleka vijana wake wote pale. Walipita mmoja mmoja, wakionyesha ishara na kusimama kila palipotakiwa, wakazunguka na kurudi tena. Magari yakajaa hadi sokoni, la mhandisi likiwemo.

"Mama, unatuchelewesha!"

"Watoto wanafuata sheria, mhandisi. Nionyeshe aliyekosea."

Hakumwona. Mwezi uliofuata matuta yaliwekwa, na tangu hapo hajagongwa mtoto pale. Tukadhani atashukuru. Alirudi ofisini kulalamika kwamba rangi ya kivuko imefifia.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kupanuka. Daktari alipomkataza jua na makelele, aliitikia, "Sawa, daktari," na Jumamosi akaonekana uwanjani na filimbi mdomoni. Wanawe walificha baiskeli yake. Akaazima ya jirani. Tulimsihi, tukamgombeza, tukalia. Alipolazwa mara ya mwisho, alimkemea mhudumu aliyekisukuma kitanda chake kwa kukata kona ya korido bila kuchungulia. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, sisi wadogo zake, na vijana wasiohesabika walio hai na wazima.

Mungu ampe pumziko la milele. Sisi tulijaribu kumpa hata la wiki moja, likatushinda.