Umeme Usiotakiwa Kuzunguka: Risala ya Wasuka Mota kwa Mkurugenzi Mkuu

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi Mkuu, pamoja na wakubwa uliofuatana nao,

KARIBU
Karibu karakana ya kusuka mota. Tumefagia, lakini vumbi la shaba halimalizwi. Likikushika nguoni litakung'arisha kidogo, usijali.

TULIKOTOKA
Kazi yetu ni kusuka upya nyaya za shaba ndani ya mota zilizoungua. Wengi wetu shule tuliiacha njiani, tukafundishwa kazi na mzee tunayemwita Taratibu, maana ndilo neno lake kwa kila anayejifunza. Yuko pale nyuma, amevaa shati jeupe. Leo amekuja kama mgeni, na hilo linatuuma.

YALIYOTUPATA
Mwezi uliopita Taratibu alianguka akiwa ameshika waya. Fundi yeyote anajua la kufanya: usimguse, zima umeme. Tukazima swichi kubwa. Karakana ikanyamaza, mwanga wa jua kutoka paani ukammwagikia kama maji. Tukasimama mbali, mmoja wetu ameshika ubao wa kumwondolea waya. Muuguzi wa zahanati yetu akaingia mbio.

"Mnangoja nini?"

"Tumeshazima, dada. Tunangoja umtoke."

"Huo waya umeungwa wapi?"

Tukautazama. Haukuungwa popote. Ilikuwa shaba mpya, inatoka kwenye roli la waya.

"Basi huo umeme ni wa kwake mwenyewe. Pigeni magoti, mbonyezeni kifua."

Tukabonyeza kwa zamu mpaka gari la wagonjwa likaleta kisanduku cha kushtua moyo.

Daktari alitueleza baadaye, tumejipanga kando ya kitanda kama watoto. Kila pigo la moyo ni wimbi la umeme: huanzia sehemu ndogo juu ya moyo, likasambaa, chembe moja ikiamsha jirani yake, kisha yenyewe ikalala kidogo isiweze kuamshwa. Ndivyo wimbi linavyopita na kuishia. Lakini Taratibu ana kovu moyoni, la ugonjwa wa zamani. Wimbi likifika hapo linachelewa, linapinda, linarudi na kuzikuta chembe za kwanza zimeshapumzika, linaziamsha tena. Linaanza kuzunguka. Likivunjika linakuwa vizunguko vingi, na moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Kisanduku huzinyamazisha chembe zote kwa mara moja, ili ile sehemu ya juu ianze upya.

Tangu hapo tunaishi kama watu walio ndotoni. Sisi tunalipwa ili umeme uzunguke. Usipozunguka, mota ni chuma tu. Kumbe ndani ya mtu mzunguko huo ndio unaoua. Mwenzetu mmoja akirudi nyumbani anaweka sikio kifuani kwa mkewe.

"Una nini wewe?"

"Nyamaza, nasikiliza."

YANAYOTUKWAZA
Taratibu amewekewa kifaa chini ya ngozi, kinachoulinda moyo na kuushtua umeme wake ukianza kuzunguka. Afisa utumishi, aliyekaa kushoto kwako, amesema mwenye mashine kifuani hafai kukaa na mashine, astaafishwe mwisho wa mwezi huu. Hatumlaumu. Sumaku ya mota kubwa inaweza kukichanganya kifaa kile. Lakini daktari hakusema akae nyumbani. Alisema asisogelee mota kubwa zikijaribiwa, wala mashine ya kuchomelea. Meza ya koili ndogo, anapoweza kufanyia kazi, iko mbali na hizo, pale dirishani. Shaba iliyolala mezani haina umeme. Hilo tunalijua siku zote, tulilisahau siku moja tu.

MAOMBI
Kwanza, mtu wa vipimo kutoka hospitali aje apime nguvu ya sumaku kwenye meza ile kabla hujatia saini barua ya kumstaafisha. Akisema hapana, hatutarudi kwako tena. Pili, kisanduku cha kushtua moyo kitundikwe hapa mlangoni, na sote tufundishwe kukitumia. Tulikuwa na ombi la tatu, la buti. Tumelikata ili haya mawili yasikike.

Taratibu hakutaka tuyasome haya. Alisema, "Mnanifanya nionekane mgonjwa." Tukamwambia, "Wewe ni mgonjwa, mzee. Kaa utulie." Akacheka, kisha akageuzia uso ukutani.

Mama, kabla hujaondoka, pita kwenye meza ile ya dirishani. Kiti chake hakuna aliyekikalia.

Mungu akujalie moyo ambao kila pigo lake linaanza mahali pake na kuishia mahali pake.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Kusuka Mota