Mashine Niliyoinyima Neno la Mwisho

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Hamjaitika vizuri, lakini nitawavumilia, maana leo nimekuja kujishtaki mwenyewe. Wengi mnanijua. Mimi ni Nyar Sondu, yule wa duka la kuchapa pale Kaloleni, ninayewatengenezea programu za harusi na za mazishi. Mdomo wangu pia mnaujua, na huo mdomo ndio ulionileta hapa mbele.

Ndugu zangu, nilikuwa na kompyuta inayozimia. Wasifu wa marehemu uko wazi, umefika pale "ameacha mjane na watoto saba", mara kioo kinageuka buluu, maandishi ya Kizungu yanapita mbio, kisha mashine inajiwasha upya yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Kazi yote imekwenda! Nilibadilisha soketi. Nilipangusa vumbi. Nilipaka kibodi mafuta ya upako mpaka herufi A ikaanza kunata. Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka.

Basi nikaanza kuchunguza, na uchunguzi wangu ukapata mtu. Rafiki yangu Mama Auma, wa Nyalenda, alikuwa akitoka sokoni alasiri anapitia kwangu. Anakaa kwenye kiti cha buluu, tunakunywa chai, halafu namfungulia video kwenye kompyuta amwone binti yake Auma, aliyekuwa amejifungua kule Nakuru. Simu ya mama ni mulika mwizi, haina video. Dakika chache tu, mashine chali! Siku asipokuja, mashine nzima kabisa. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu mama ana jicho baya.

Kumwambia usoni niliogopa, kwa hiyo nikafanya jambo baya zaidi. Nilimwambia Mungu kwa sauti. Mnakumbuka yale maombi ya akina mama siku ya Jumatano? Nilisimama nikaomba, "Ee Bwana, lile jicho linaloingia dukani mwangu na kuketi kwenye kiti cha buluu, lipofuke!" Kila mtu alijua kiti cha buluu ni cha nani. Mama Auma alikuwa nyuma yangu. Alifunga leso yake, akatoka. Dukani hakurudi, na hapa kanisani hakurudi.

Na ile mashine, ndugu zangu, ikakaa siku sita bila kuzimia! Nikatamba mtaa mzima. Nikampigia simu shemeji yangu Omollo, fundi wa kompyuta, nimpe habari za ushindi. Yeye hakusema amina. Akaniuliza, "Shemeji, mashine ikianguka iliandika nini?"

"Haiandiki kitu."

"Haiandiki aje? Ikianguka huwa inaweka kwa diski kile kilikuwa kwa memori, ndio fundi ajue kilichoiua. Ama uliikataza?"

Hapo nikakumbuka. Diski ilikuwa imejaa picha za marehemu, nikaingia kwenye mipangilio kutafuta nafasi. Humo nikakuta swali: mfumo ukianguka, uhifadhi nini kutoka kwenye memori? Yote? Ile sehemu ya kiini? Au muhtasari mdogo? Nikachagua usihifadhi chochote. Nikazima hata ile nafasi ya diski ambayo mashine huitumia memori ikijaa, na ambayo bila hiyo haiwezi kuandika. Tiki ya kujiwasha upya nikaiacha palepale, kwa hiyo hata kile kioo cha buluu hakikuwa kinangoja kusomwa. Mimi ninayewaandikia watu neno la mwisho, mashine yangu mwenyewe nilikuwa nimeinyima lake!

Omollo akaniongoza kwa simu. Nikarudisha ile nafasi, nikaondoa tiki. "Chagua ule muhtasari mdogo," akasema. "Ukiweka memori yote itamaliza diski na bado hutaisoma." Nikazima mashine, nikaiwasha. Akaniambia, "Sasa fanya kila kitu ulikuwa unafanya huyo mama akikuja. Kila kitu, shemeji, usiruke."

Nikapika chai. Nikasogeza kiti. Nikatoa kwenye mfuko wa aproni antena yangu ndogo ya intaneti, ya mtumba, ambayo huwa naichomeka tu Mama Auma akitaka kumwona Auma. Nikaichomeka, nikafungua video. Buluu!

Ndugu zangu, kiti kilikuwa kitupu! Chai inafuka, hakuna mtu, na mashine imekufa! Lakini safari hii ilisema. Nilipoiwasha nikakuta faili ndogo, nikamtumia Omollo kwa simu, na ndani yake kulikuwa na jina la kilichoiangusha: programu inayoendesha antena. Kikulacho kilikuwa nguoni mwangu kweli, mfukoni mwa aproni! Omollo akaniwekea programu nyingine, na mpaka leo mashine haijazimia. Nilicheka sana. Kisha nikakaa kwenye kile kiti nikalia.

Nilikwenda Nyalenda kwa miguu. Nikamkuta Auma amekuja na mtoto, na mama yake anamwandalia chakula akiwa ameelekea ukutani. Alikuwa amekataa kumshika mjukuu wake. Akaniambia, "Nyar Sondu, mimi nilidhani ni kweli. Nikimwangalia akishikwa na homa je?"

Nilipiga magoti. Nikamweleza habari ya antena yote. Akasema, "Mimi antena sijui. Wewe ulisema mbele ya Mungu na watu. Enda useme hapo hapo."

Basi nasema. Mama Auma hana jicho baya. Mwenye ubaya alikuwa mimi, na Yesu amenitoa humo, jina lake libarikiwe! Nilimlilia Mungu anijibu, na pahali pa jibu nilikuwa nimepazima kwa mkono wangu. Wewe ambaye kuna jambo linaanguka kwako kila siku, usimkemee jirani. Mwamini Bwana, mwombe akuonyeshe, na ukubali hata akikuonyesha mfuko wako. Aliyeuvumilia mdomo huu hatashindwa na wewe.

Sasa pale kwenye benchi la nyuma, alipoketi Mama Auma leo, naomba mtupishe. Auma, mpe mama yako mtoto. Usiogope, mama, mpokee. Ndiyo hivyo. Na mtazame. Mtazame kwa macho yote mawili.