Mama Kadi na Wivu wa Mlango Wake

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini kuja kumsindikiza, poleni na asanteni. Tumkumbuke kidogo dada yetu, Mama Kadi. Jina hilo alilipata kazini, likamfuata mpaka nyumbani, nasi tukashindwa kulifukuza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na karani wa posta. Kwa miaka minne alikuwa peke yake, akadeka atakavyo. Siku mama aliporudi kutoka hospitali na mtoto wa kiume, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alimkagua yule mtoto kuanzia utosini hadi unyayoni, akauliza, "Huyu anarudi kwao lini?" Alipojibiwa kwamba kwao ni hapa hapa, alihamishia mto wake kitandani kwa mama. Wivu alizaliwa nao, ndugu zangu, na hakuwahi kuuficha. Ila wivu wake haukuwa wa kukaa bure. Akimwonea mtu wivu, atahangaika mpaka amfikie.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1986. Huko alikaa dawati moja na msichana mwenye mwandiko mzuri kupita wote. Dada alinuna muhula mzima, lakini alinuna huku anaandika. Muhula uliofuata mwalimu hakujua tena daftari lipi ni la nani. Baadaye alisomea uhazili.

Tarehe 3 Januari 1994 aliajiriwa mapokezi katika lile jengo la ghorofa kumi na moja. Vitambulisho vya wafanyakazi, kadi za wageni na mlango wote wa ukumbi vilikuwa mkononi mwake. Alitazama uso kwanza, kadi baadaye, kwani alisema kadi haina aibu lakini uso unayo. Hata yalipowekwa mageti ya kugusisha kadi, alisimama pembeni yake kama mke mkubwa aliyeletewa mwenza. "Pitisha tu," alikuwa akiliambia geti, "mimi nakuangalia."

Hapo ukumbini ndipo alipompata mumewe, fundi wa lifti, wakaoana Desemba 1996. Shemeji alihudumia majengo mengi, na kila jengo lina mapokezi yake. Jioni moja aliteleza ulimi akamsifu dada wa mapokezi wa jengo la ng'ambo ya barabara: "Yule ana roho nzuri, anawapa wageni maji ya kunywa." Kesho yake wageni wa marehemu wakakuta mtungi wa maji, bilauri na kitambaa cheupe. Shemeji alipotaka kusifu, akakatwa: "Kunywa, baba. Ya huku hayaachi kiu ya kwenda ng'ambo."

Februari 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kwenda kusafishwa damu. Nafasi yake mapokezi aliishika binti aliyemfundisha mwenyewe. Wafanyakazi walipokuja kumjulia hali, walidhani wanamfariji: "Usiwe na wasiwasi, mama, binti anatuita kwa majina yetu!" Marehemu akageukia ukutani. "Mimi nimewaita kwa majina miaka ishirini na minane," alisema, "mlikuwa mnaitika kama mmeamshwa."

Basi Agosti, Jumatatu moja asubuhi, alivaa gauni lake la bluu, akamwambia mumewe ampeleke kazini. Hakuficha nia: alikwenda kumkamata binti akikosea. Binti alisimama, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba kitambulisho."

Foleni nzima iliguna. Mwanasheria wa ghorofa ya tisa akapaza sauti, "Wewe binti, huyu ndiye mwenye ukumbi!"

"Namjua, mzee. Lakini kadi yake ilizimwa alipoanza likizo. Aliizima mwenyewe mbele yangu, akasema aliye likizo ni mgeni, hata awe nani."

Marehemu alipekua mkoba. Kitambulisho alikuwa amekisahau nyumbani. Binti akamkalisha kwenye viti vya wageni, akampa maji, na hakumpitisha. Dada alikunywa, akaaga, akatoka.

Njiani shemeji alimwuliza, "Umekasirika?"

"Angenipitisha ningekuwa na sababu ya kurudi. Ningesema, mnaona, mlango umeniharibikia. Sasa nirudi kufanya nini? Ameweza, mume wangu. Hilo ndilo linaloniuma."

Aliumia kweli, na hakujifanya ameridhika. Ila kuanzia siku hiyo alimpigia binti simu kila jioni, akimpa yale ambayo hakuwa amempa: nani hupenda kuazimisha kadi yake, nani akinyamaza asubuhi asiulizwe. Binti alipokuja kumwona hospitali, swali la kwanza lilikuwa, "Kiti changu umekishusha?"

"Nimekishusha, mama. Miguu yangu haifiki chini."

"Kipandishe."

"Nitaning'inia, mama!"

"Ning'inia."

Wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akachungulia.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Machi. Alifariki dunia hospitalini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja na kijana mmoja, mdogo wake wa kiume, mawifi, mashemeji na wakwe. Ameacha pia yule binti wa mapokezi. Binti alituomba tusimtaje, akisema yeye si wa ukoo. Hatukuweza kumkubalia, kwa sababu aliyeagiza atajwe ni marehemu. Siku mbili kabla hajatutoka alituambia, "Mwekeni na yeye, ni mwanangu. Lakini awe wa mwisho, nyuma ya wakwe. Asije akajiona."

Tumemweka wa mwisho, dada, kama ulivyotaka. Pumzika sasa, Mungu akulaze kwa amani.